Mfuko gani wa bondi uchanganye na hisa zako? Nilichomwambia mdogo wangu

Wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia usiku. Yeye kaanza kuwekeza miaka miwili iliyopita na anafanya kitu ambacho mi nakiunga mkono kwa moyo wote, yaani kila mwezi hela ikiingia, kabla hajagusa chochote, anapeleka kiasi fulani kwenye mfuko mmoja wa hisa unaofuata indeksi, yaani unanunua tu zote zilizo kwenye orodha fulani ya soko, basi, hana mambo mengi. Sasa kapu lake la uwekezaji limefika kiasi ambacho kwake ni kikubwa na ameanza kupata woga. Akaniambia, "Kaka, watu wanasema niweke na bondi, ile mikopo tunayowapa serikali na makampuni, ili nisawazishe, nimefungua orodha nimekuta mifuko ya bondi ipo mingi kweli, ya serikali, ya makampuni, mifupi, mirefu, ya nje, ya kufuata mfumuko wa bei, nimechanganyikiwa. Nichukue tu huu unaolipa zaidi?"

Nikamwambia subiri kwanza, huo usiuguse. Tukaongea zaidi ya saa nzima. Nimeona niyaandike hapa kwa sababu hili swali naulizwa sana, na mimi mwenyewe nililijibu vibaya mara mbili, kwa hela yangu, na mara zote mbili liliniuma.

Kitu ambacho watu wengi wanakiruka ni hiki: kabla hujauliza mfuko gani, uliza bondi inakuja kufanya kazi gani kwenye kapu lako. Hisa ndo zinakuza mali kwa miaka mingi, hilo halina ubishi sana, ila zinakuza kwa kukurusha juu na chini, na kuna siku zitakurusha chini vibaya mno. Bondi inaingia ili siku hiyo ikifika uwe na upande mwingine umesimama, usilazimike kuuza hisa kwa bei ya hasara, ukihitaji hela utoe huku, na ukiwa huhitaji hela basi utumie huku kununua hisa zilizoshuka. Ukishaikubali hiyo kazi, nusu ya ile orodha inajifuta yenyewe, sababu mifuko mingi yenye jina la bondi haiwezi kuifanya.

Chukua mwaka 2008. Indeksi ya S&P 500 ya Marekani, ile ya makampuni makubwa kama 500, ilishuka 37% ukihesabu na magawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa. Mwaka huo huo indeksi kuu ya bondi za Marekani, ile ya jumla inayochanganya za serikali, za mikopo ya nyumba na za makampuni yenye sifa nzuri, ilipanda kama 5%. Sasa piga hesabu na mimi: mtu aliyeanza mwaka na 100, 60 kwenye hisa na 40 kwenye bondi, mwisho wa mwaka hisa zake zimebaki karibu 38 na bondi zake zimekuwa 42. Jumla 80. Imeuma, lakini angalia uwiano, alipanga 60 kwa 40 na sasa bondi zimezidi hisa. Akirudisha mpango wake anauza bondi za kama 10 ananunua hisa, tena ananunua wakati kila mtu anakimbia. Hahitaji ujasiri wa ajabu, anahitaji tu kuwa na hizo bondi 42 na mpango aliouandika kabla. Mwenye 100 zote kwenye hisa amebaki na 63 na hana cha kununulia.

Hapo ndo utajua kwa nini swali la "upi unalipa zaidi" linapeleka watu pabaya.

Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa hilo hilo. Niliweka sehemu yangu yote ya bondi kwenye mfuko wa bondi za makampuni zinazolipa riba kubwa. Ule wa serikali niliuona unalipa kidogo nikaudharau, nikawaza wote si bondi tu, kwa nini nichukue kidogo? Miaka kadhaa ukaenda vizuri sana, mpaka nikawa nawashauri wenzangu. Halafu ikaja 2020. Kuanzia tarehe 19 Februari mpaka 23 Machi S&P 500 ilishuka 34%, wiki tano tu hizo, na bondi zangu, zile za kunituliza, zikashuka nazo karibu moja ya tano. Nilitaka kutoa bondi ninunue hisa, nikakuta kote kunavuja. Sikuuza kitu, nashukuru, ila pia sikununua kitu, nilikaa tu naangalia.

Baadaye nikakaa chini kuelewa kwa nini na jibu ni rahisi mpaka linauma. Kampuni inalipa riba kubwa sababu wakopeshaji wanaogopa haitalipa. Woga huo unazidi lini? Uchumi ukianguka. Na hisa zinaanguka lini? Uchumi ukianguka. Kwa hiyo bondi ya namna hii inabeba hatari ile ile ya hisa, imevaa nguo nyingine tu. Mwaka 2008 indeksi ya bondi hizi za riba kubwa ilipoteza kama robo ya thamani wakati za serikali zinapanda. Makampuni ya kukadiria uaminifu wa wakopaji kama Moody's, S&P na Fitch wanazipa kila bondi alama, retingi wenyewe wanaita, na kwa mfumo wa S&P na Fitch mpaka uko kwenye BBB-, kuanzia hapo kwenda juu ndo zinahesabika zenye sifa ya uwekezaji, chini yake ndo hizo zinazoitwa janki. Sisemi hazina faida, kuna watu wanazielewa na wanazitumia vizuri. Nasema kama unazinunua kwa kazi ya kutuliza kapu umeajiri mtu asiye na ujuzi wa hiyo kazi. Ukitaka hatari zaidi ili upate zaidi, ongeza hisa, bondi ziache zibaki safi.

Basi nikahama. Na nilivyohama ndo nikafanya kosa la pili, ambalo kiukweli lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Nilisema sasa nataka usalama mtupu, serikali tu. Nikaangalia mifuko ya serikali nikaona ile ya bondi ndefu, za miaka 20 na kuendelea, ilipanda sana hisa ziliposhuka mwanzoni mwa 2020. Nikahamishia humo zote. Sikujiuliza zile bondi zilikuwa ghali kiasi gani wakati ule, Agosti 2020 riba ya bondi ya serikali ya Marekani ya miaka 10 ilikuwa kama nusu asilimia tu. Nusu asilimia kwa mwaka, miaka 10! Halafu mfumuko wa bei ukaja, ukafika 9.1% Marekani Juni 2022, na benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 mpaka kati ya 5.25% na 5.50% Julai 2023. Mwaka 2022 peke yake mifuko ya bondi ndefu ilishuka karibu 30%. Hisa mwaka huo zilishuka kama 18%. Yaani sehemu yangu ya "usalama" ilianguka kuliko sehemu ya hatari, na hakuna hata mkopaji mmoja humo ndani aliyeshindwa kulipa, kila kuponi, yaani riba ya bondi, ililipwa kwa wakati.

Hiki ndo kipande ambacho natamani mtu angenieleza mapema, kwa hiyo ngoja nikae nacho kidogo.

Bondi ni mkopo. Umemkopesha mtu 100, anakulipa riba ile ile kila mwaka, siku ya kuiva, yaani mkopo ukifika mwisho, anakurudishia 100 yako. Sasa sema unayo inayolipa 3 kila mwaka na imebakiza miaka 10. Kesho riba za soko zinapanda, mkopaji yule yule anatoa bondi mpya zinazolipa 5. Nani atanunua ya kwako kwa 100 wakati kwa 100 hiyo hiyo anapata inayolipa 5? Hakuna. Itabidi uishushe mpaka mnunuzi aone anapata sawa na 5%, na ukipiga hesabu bei inatua kama kwenye 84 na nusu. Je ingekuwa imebakiza miaka 2 tu? Ingeshuka mpaka 96 hivi, sababu anayenunua anavumilia riba ndogo muda mfupi tu. Na ingekuwa imebakiza miaka 30? Inashuka mpaka kama 69. Mkopaji yule yule, uaminifu ule ule, riba zimebadilika kiasi kile kile, ila mmoja kapoteza 4 na mwingine 31. Tofauti ni urefu tu.

Urefu huu watu wa soko wanaupima kwa kitu wanaita diuresheni, na inaandikwa kwenye karatasi ya taarifa ya karibu kila mfuko wa bondi. Ni namba moja, inasoma kama miaka, na matumizi yake ni mepesi: diuresheni ikiwa 6, riba zikipanda kwa asilimia moja kamili mfuko utashuka kama 6%, zikishuka asilimia moja utapanda kama 6%. Ikiwa 2 ni kama 2%. Ikiwa 17, haya, unaona mwenyewe. Indeksi ile kuu ya Marekani inacheza karibu na 6, na ndo maana 2022 ilishuka kama 13%, mwaka mbaya kuliko yote tangu ianze kuhesabiwa miaka ya 1970. Kuna bondi ya serikali ya Austria iliyotolewa 2020, inaiva 2120, miaka 100, kuponi yake 0.85%. Ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake riba zilivyopanda, na Austria wala haikuyumba.

Lakini, na hapa ndo pa kusikiliza, bondi ina kitu hisa hazina. Riba zikipanda bei inashuka leo, ila kuanzia leo hela zinazoingia kwenye mfuko kama kuponi na kama bondi zilizoiva zinakopeshwa upya kwa riba kubwa. Kwa hiyo kidonda kinajifunga chenyewe taratibu, na muda wa kujifunga unakaribiana na ile ile namba ya diuresheni. Mfuko wenye 6, ukiuacha kama miaka 6 bila kuugusa, unarudi karibu na pale ambapo ungekuwa riba zisingepanda kabisa, na baada ya hapo unakuwa mbele. Kwa hiyo kanuni ninayoitumia sasa hivi ni fupi: diuresheni ya bondi zako isizidi miaka iliyobaki kabla hujahitaji hiyo hela. Hela ya miaka mitatu ijayo haina sababu ya kukaa kwenye mfuko wenye 6. Hela ya miezi sita haina sababu ya kukaa kwenye bondi kabisa, iweke akaunti ya akiba au mfuko wa soko la fedha, ule unaokopesha kwa muda mfupi sana tu.

Ukitaka kuona kanuni hii inavyoadhibu anayeivunja, angalia Silicon Valley Bank ya Marekani, ilifungwa tarehe 10 Machi 2023. Walikuwa na bondi nyingi za muda mrefu zenye dhamana ya serikali, bondi nzuri kabisa kwa upande wa uaminifu. Tatizo hela zenyewe zilikuwa za wenye amana ambao wanaweza kuzidai siku yoyote, na siku moja kabla ya kufungwa waliomba kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja. Benki ikiuza bondi kabla hazijaiva inauza kwa hasara. Hela ya leo imefungwa kwenye ahadi ya miaka mingi. Sisi watu wa kawaida tunafanya hivyo hivyo kwa kiwango chetu, tunaweka ada ya mwaka kesho kwenye bondi ndefu halafu tunashangaa.

Mdogo wangu akaniuliza swali zuri hapa, akasema, "Sasa kaka mimi nastaafu baada ya miaka 28, kwa kanuni yako si naweza kuchukua ndefu kabisa?" Kwa hesabu tupu ndiyo, anaweza. Ila kumbuka kazi tuliyoipa bondi: kumtuliza. Mfuko unaoweza kushuka 30% kwa mwaka hautulizi mtu hata kama miaka 28 mbele utakuwa sawa, atakayeuangalia ni mtu wa leo. Mi naona kwa kapu la kawaida la muda mrefu, bondi za katikati, diuresheni kati ya 4 na 7 hivi, ndo zinafaa kuwa msingi. Zina riba ya kueleweka kuliko fupi kabisa, na hazina purukushani ya ndefu. Halafu ukikaribia kuitumia hela, miaka kama mitano au sita hivi kabla, unaanza kusogeza sehemu kwenda kwenye fupi kidogo kidogo.

Turudi kwenye swali lake la "unaolipa zaidi", kuna mtego mwingine hapo hata kwenye mifuko ya serikali. Kuna riba inayogawiwa na kuna riba ya kweli ya kushika mpaka kuiva, na matangazo yanapenda ile ya kwanza. Mfano: bondi inalipa kuponi 8 lakini sokoni inauzwa 120, imebakiza miaka 5. Ukigawanya 8 kwa 120 unapata karibu 6.7%, inapendeza. Ila siku ya kuiva utarudishiwa 100, ile 20 ya juu imepotea, ukiihesabu ndani riba yako ya kweli ni kama 3.6%. Mfuko uliojaa bondi za hivi unakugawia hela nyingi kila robo mwaka huku bei ya kipande inateremka polepole, unakula mtaji wako ukidhani ni faida. Tafuta riba mpaka kuiva, na ukikuta mfuko hauiandiki popote uliza, na wasipojibu ondoka.

Gharama nayo. Kwenye hisa watu wameshaelewa, kwenye bondi bado wanaichukulia poa, na huku ndo inauma zaidi sababu mapato ni madogo. Kama bondi zinazaa 4% na mfuko unakata 1%, wamechukua robo ya mapato yako, kila mwaka, soko lipande lishuke. 100 ikikaa miaka 30 kwa 4% inakuwa kama 324. Kwa 3% inakuwa 243. Na mifuko ya indeksi ya bondi inayokata 0.03% ipo kwenye masoko makubwa, siyo hadithi. Meneja wa bondi za serikali zenye ubora wa juu hana uchawi wa kukupa asilimia nzima ya ziada ili kufidia, akikupa basi mara nyingi ameingiza ndani janki au bondi ndefu bila wewe kuona. Mfuko wa bondi ukiwa unawazidi wenzake mbali, mi nasoma diuresheni na retingi kwanza kabla sijapiga makofi.

Mfumuko wa bei sasa. Bondi ya kawaida inaahidi namba, haiahidi namba hiyo itanunua nini. Mtu anayestaafu miaka 28 mbele, hiyo ndo hatari yake kubwa kuliko bei kupanda na kushuka. Ndo maana zipo bondi zinazofungwa na mfumuko wa bei, Uingereza walianza kuzitoa 1981 na Marekani 1997, mtaji wake unapanda bei za vitu zikipanda. Nazipenda na ninazo. Ila nilimwonya mdogo wangu asifikiri mfuko wake unapanda tu kila vitu vikipanda bei, 2022 mfumuko ulikuwa mkubwa kuliko miaka 40 iliyopita na bado mifuko ya bondi hizi Marekani ilishuka kama 12%, kwa sababu nayo ina diuresheni kama nyingine yoyote na riba halisi, yaani riba ukishatoa mfumuko wa bei, zilipanda. Anayetaka kinga ya mfumuko bila pigo kubwa hivyo achukue ile ya muda mfupi. Mi nimegawa, kama theluthi ya bondi zangu zipo kwenye za mfumuko, zilizobaki za kawaida. Theluthi si namba takatifu, ni kiasi ambacho mimi nakielewa na sihangaiki nacho.

Sarafu. Hili fupi lakini usiliruke: bondi za kukutuliza zinatakiwa ziwe kwenye sarafu utakayotumia, au mfuko uwe umekingwa dhidi ya mabadiliko ya sarafu. Sarafu zinayumba kuliko bondi zenyewe, kwa hiyo mfuko wa bondi za nje usiokingwa unakuwa kwa kweli ni mchezo wa fedha za kigeni wenye riba pembeni. Wakati huo huo neno serikali peke yake lisikulaze usingizi. Ugiriki 2012 wakopeshaji binafsi walikubali kukatwa zaidi ya nusu ya thamani iliyoandikwa kwenye bondi zao, na Ghana Desemba 2022 ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje na bondi za ndani nazo zikabadilishwa kwa mpya zenye masharti mabaya kwa wenye nazo. Anayeishi chini ya serikali yenye deni zito asiweke kila kitu hapo kwa sababu tu ni nyumbani, agawe, sehemu ndani na sehemu kwenye mfuko wa dunia nzima uliokingwa. Na kwenye mifuko ya dunia nzima ujue kwamba indeksi inapima kwa ukubwa wa deni, anayedaiwa zaidi ndo anapewa nafasi kubwa zaidi. Kwenye hisa kuwa mkubwa ni kwa sababu soko limekuthamini, kwenye bondi kuwa mkubwa ni kwa sababu umekopa sana. Hilo halinikimbizi kwenye indeksi, ila linanifanya niangalie retingi ya jumla ya mfuko kila mara.

Kuna wanaosema nunua bondi moja moja ushike mpaka iive, mfuko hauivi. Kweli mfuko hauivi, na kwa mtu mwenye tarehe maalum na kiasi maalum bondi moja inampa amani sana. Ila kwa anayeweka kila mwezi kwa miaka 28 mfuko unampa mamia au maelfu ya bondi kwa pamoja na unarudisha kuponi kazini bila yeye kufanya kitu. Na yule aliyeshika bondi moja 2022 naye alipata hasara ile ile, ni vile tu hakuna mtu aliyemwandikia bei kila siku.

Kiasi gani? Hapa watu wanataka namba, kuna ile ya zamani ya kuweka umri wako kama asilimia ya bondi, kuna hisa 60 kwa bondi 40, kuna 80 kwa 20. Mi nilimuuliza swali moja: hisa zikikatika nusu, na zimeshawahi kukatika nusu, ukiona kapu lako limeshuka kiasi gani ndo utashindwa kulala na utauza? Akafikiri akasema theluthi. Basi hisa zisizidi theluthi mbili, sababu theluthi mbili ikikatika nusu kapu zima linashuka theluthi. Na ndo ikawa hivyo, 65 kwa 35. Sijui kama atajijua vizuri hivyo siku yenyewe ikifika, hakuna anayejijua kabla, ila ameanza na jibu lake mwenyewe na si la mtu wa mtandaoni, mimi nikiwemo.

Kuhusu kurudisha uwiano tumekubaliana aangalie mara moja kwa mwaka, na aguse tu kama umehama kwa zaidi ya pointi 5 za asilimia. Kwa kuwa bado anaweka kila mwezi, mara nyingi hata kuuza hahitaji, anapeleka hela mpya kule kulikopungua.

Kabla hatujakata simu akataka anisomee mifuko mitatu iliyobaki kwenye orodha yake, jina tu na riba. Nikamwambia hapana, kwa kila mmoja nitafutie diuresheni, retingi ya jumla, riba mpaka kuiva, gharama, na sarafu. Jana kanitumia. Wa kwanza diuresheni 15, wa pili zaidi ya nusu ya bondi zake ziko chini ya BBB-, wa tatu diuresheni 5.8, karibu zote retingi ya A kwenda juu, gharama chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia, sarafu yake. Ndo ule uliokuwa unalipa kidogo kuliko wote watatu. Kaanza nao mwezi huu.